Kila Kabureta na Sahani Yake

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na binti yako na wajukuu wote wazima. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limetulia tangu aache kubishana na ngazi. Karakana ipo. Paa linavuja palepale juu ya benchi lako, kwa hiyo nimesogeza benchi badala ya kuziba paa. Najua utasema ni uvivu, na kweli ni uvivu. Baba yupo.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye mashine za watu, na mara ya mwisho tulipopiga tulipiga kelele hadi jirani akaja kuamua ugomvi. Dereva wa basi ameahidi barua itafika.

Haya, la maana ni hili. Zahanati wameamua kufufua ile mashine yao ya boti. Ndiyo hiyohiyo, ya silinda tatu, iliyoungua katikati ya maji miaka miwili iliyopita Baba akiiendesha. Muda wote ilikuwa imelala stoo kwao, imefunikwa gunia. Muuguzi mkuu amechoka kuwazungusha wagonjwa nusu siku kwa barabara wakati ng'ambo anaiona kwa macho yake dirishani. Silinda ya tatu, ile iliyoungua, imepelekwa kwa mkereza vyuma, ameisawazisha na kuweka pistoni mpya. Hizo mbili nyingine amesema ni safi, hazina hata mkwaruzo. Kilichobaki ni kabureta zake tatu, zimeganda petroli ya miaka miwili, na muuguzi mkuu ameniletea mimi.

Mjomba, tusidanganyane. Plagi naijua, propela naijua, pampu ya maji naifungua huku napiga soga. Kabureta sijawahi kuifungua hata moja. Wewe ulikuwa ukifungua kabureta unafunga mlango, unasema kabureta ni moyo na moyo haufunguliwi mbele ya watu. Sasa mioyo mitatu iko mezani na fundi ni mimi.

Gasketi na sindano mpya zimeshaletwa. Ninachouliza ni hiki: naweza kuzifungua zote tatu siku moja, nikavitumbukiza vipande vyote kwenye beseni moja la dawa, nikasugua nikamaliza? Zinafanana kama mapacha, na ningeokoa siku nzima.

Jambo la pili nakuambia tu ujue. Mashine ikipona, kamati ya gati itakaa tarehe 30 Julai kuchagua nani aendeshe boti ya zahanati. Baba amepeleka jina lake. Wamelipokea, lakini wamemwambia watu hawajasahau kwamba alikwenda na petroli isiyochanganywa oili, kama ulivyowaeleza siku ile.

Nasubiri jibu lako. Muuguzi mkuu hupita hapa kila asubuhi na kunitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Mpwa wako,
Bisibisi


30 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Huku hatujambo. Wajukuu wanasoma, binti yangu anafanya kazi, mimi nakaa. Ananibembeleza kila siku niende hospitali, namwambia nitakwenda siku nitakayochoka kukataa. Mwambie dada yangu goti lifungwe kitambaa cha moto. Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo limechelewa.

Usizitie kwenye beseni moja.

Sikiliza vizuri. Kila kabureta na sahani yake. Chukua sahani tatu, uzipange mezani kwa utaratibu zilivyokaa kabureta kwenye mashine: ya juu, ya kati, ya chini. Fungua ya juu peke yake. Kila kipande kinachotoka humo kinakaa kwenye sahani hiyo na hakiondoki. Isafishe, ifunge, imalize, ndipo uiguse ya kati. Kabureta iliyo nzima ndiyo kitabu chako cha kufungia ile uliyoifungua. Ukivichana vitabu vyote vitatu kwa mpigo, utasoma nini?

Kabla hujatoa skrubu ya hewa, ibane polepole mpaka mwisho ukihesabu mizunguko, uandike. Ndani ya bakuli utakuta boya, linalopanda petroli ikijaa na kufunga mlango wake. Chini yake kuna jeti kubwa. Ni kipande cha shaba, kama punje ya mahindi, chenye kitundu katikati. Petroli yote ya silinda ile hupita kwenye kitundu hicho mashine ikiwa mbio. Usikichokonoe kwa waya wa chuma hata kama dunia inakwisha. Waya unakipanua, na hutaona kuwa umekipanua. Tumia uzi wa brashi na upepo wa kompresa, kisha inua jeti dirishani utazame mwanga upande wa pili.

Kila jeti ina namba. Iandike.

Habari ya kamati nimeisoma.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima isipokuwa Mama, ambaye ni mzima lakini hasemi na mimi. Nilichukua sahani zake tatu, zile nyeupe zenye mstari wa bluu. Nilikuwa nimekusudia kuziosha. Jana usingizi ulinizidi, sahani ya kabureta ya juu ikarudi jikoni, na Baba akala wali wenye harufu ya petroli. Alimaliza sahani, akasema, "Leo chakula kina nguvu." Mama hakucheka. Baba yupo.

Maandishi yako yamekuwa makubwa, Mjomba. Maneno machache yamemaliza karatasi nne. Nilifikiri umeniandikia bango la duka.

Nimefungua ya juu. Nilihesabu mizunguko ya skrubu ya hewa, mmoja na nusu, nikaandika ukutani kwa mkaa. Nilikuwa na waya mkononi, nakiri, nikautupa. Jeti niliiosha, nikaiinua dirishani, nikauona mwanga, duara dogo safi kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Namba 150, nimeiandika.

Kisha nikafunga. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama hapo, kwa hiyo nilifunga kwa mbwembwe. Nikaunganisha bomba la petroli nijaribu. Mjomba, petroli ilimwagika kama bomba la mtaani lililosahauliwa wazi! Ilinilowesha mpaka kiunoni. Muuguzi mkuu aliuliza kama hiyo ndiyo dalili ya kupona. Nimefungua na kufunga mara tatu, bado inamwaga. Nimekosea wapi? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niambie tu.

Kuna kitu kingine kinanikera. Yule mwuza vocha wa gatini jana alimwita Baba "Kavu" mbele yangu. "Kavu, umekuja kupaka rangi?" Sikuwa nimekuambia, lakini hilo ndilo jina lake siku hizi, tangu siku ile: nahodha aliyeendesha mashine kavu bila oili. Anapaka rangi boti za wenzake, wanamwita hivyo kutwa nzima, naye anaitika. Nilitaka kumrushia mtu spana.

Ndiyo nakuuliza, Mjomba. Wewe ndiye uliyeifungua mashine baada ya kuungua. Silinda zilikuwaje?

Bisibisi


9 Mei

Bisibisi,

Marahaba. Hapa tupo. Mjukuu mdogo ameng'oka jino.

Boya umeliweka chali. Kile kidole chake cha bati kinatakiwa kuisukuma sindano juu petroli ikijaa, nawe umekigeuza chini, kwa hiyo mlango haufungwi kamwe. Kila fundi hulikosea mara ya kwanza, na hulikosea mbele ya watu. Geuza kabureta kichwa chini, boya likae sambamba na ukingo wa bakuli. Likiinama, kunja kidole kidogo sana, kwa ukucha, si kwa koleo.

Kuhusu maandishi, karatasi ni yangu, nimeinunua mwenyewe.

Nunua sahani nyingine umrudishie mama yako hizo.

Mjomba wako


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Huku salama. Sahani mpya nimenunua, na Mama ameziandika "CHAKULA" nyuma kwa rangi ya kucha. Tunasemezana. Baba yupo.

Lilikuwa boya, kama ulivyosema. Kabureta ya juu haimwagi tena hata tone. Ya kati niliimaliza kwa siku mbili, bila mbwembwe, bila kuloa. Jeti yake 150. Ya chini nimeifungua Jumatatu.

Nilifuata kila ulichoniambia. Sahani ya tatu mbele yangu, kabureta mbili nzima pembeni. Nilitoa jeti kubwa, nikaiosha, nikaiinua dirishani. Duara la mwanga lilikuwa dogo kuliko la zile mbili. Nikadhani bado kuna uchafu. Nikaiosha tena, nikapuliza kwa kompresa, nikainua tena. Dogo vilevile. Nikaazima kioo cha kukuzia cha Mama nikasoma namba. 130.

Nilisoma mara tano. Muuguzi mkuu alipopita nikampa asome bila kumwambia kitu. Akasema mia moja na thelathini, akauliza kama ni mbaya. Nikamwambia nitamjibu.

Nikaenda kwa mkereza vyuma. Nikamwuliza, silinda ikipewa jeti ndogo kuliko wenzake itakuwaje? Akasema petroli itaingia kidogo, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, oili nayo itaingia kidogo. Ukienda polepole hutajua, maana polepole petroli hupita njia nyingine. Boti ikijaa watu na ukafungua moto wote, silinda hiyo inakufa kwa kiu. Nikamwuliza, na kama petroli haina oili kabisa? Akanicheka. "Zingekufa zote tatu, dada. Sasa mbona mbili nilizikuta zinang'aa?"

Siku ile Baba alikuwa na mgonjwa wa kujifungua na watu saba. Ndiyo maana alifungua moto wote.

Kabureta za mashine ile hakuna aliyewahi kuzigusa ila wewe, na mlango ukiwa umefungwa. Sisemi ulikusudia. Nauliza mambo mawili tu, na nakuomba usinijibu habari ya jino la mtoto. Ni wewe uliyeweka jeti hii? Na ulipoifungua mashine baada ya kuungua, uliiona?

Baba sijamwambia. Sahani ya tatu nimeifunika kwa sahani nyingine nikaipandisha juu ya kabati. Nikienda mimi kwenye kamati, watasema mtoto anamtetea baba yake, na jeti nimeichukua kwenye mkebe wa vipuri. Ukisema wewe watasikia, kwa sababu wewe ndiye uliyesema lile la kwanza. Kamati ni 30 Julai. Wakimkataa safari hii, boti inakwenda kwa mtu mwingine na Baba atapaka rangi mpaka azeeke.

Bisibisi


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Mwezi umepita. Dereva wa basi anaapa kwamba barua aliiweka mkononi mwako mwenyewe, ukiwa umekaa kibarazani, na kwamba uliishika karibu na pua ukaigeuza mara mbili. Kwa hiyo sitasingizia basi.

Jeti mpya ya 150 imefika, kabureta ya chini nimeifunga. Mashine itawaka, na hilo sina wasiwasi nalo tena. Jana Baba alinyoa ndevu na kuniuliza kama shati la kijani linamfaa mtu wa kwenda kwenye kamati. Nikamwambia linamfaa, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya karakana.

Zimebaki siku ishirini na nane.

Bisibisi


18 Julai

Bisibisi,

Marahaba. Barua zote mbili zimefika. Ya Juni niliisoma siku ileile, kwa jua la mchana, neno moja moja. Aliyechelewa ni mimi, si basi.

Ni mimi niliyeiweka. Na niliiona.

Macho yangu yalianza kuniacha mwaka mmoja kabla ya mashine kuungua. Vitu vya mbali naviona, vya karibu vinakuwa ukungu. Kazi nyingi mikono inaijua yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Lakini namba ya jeti mkono hauisomi. Jeti ya kabureta ya chini ililika mfereji wake wa bisibisi, nikachukua nyingine mkebeni. Tatu na tano kwangu zilikuwa kitu kimoja. Wewe ulikuwa nje ya mlango unafagia. Ningekuita tu, ungesoma, tungeendelea na kazi. Nikajiambia, fundi mzima amwite mtoto wa dada yake amsomee namba? Ile habari ya moyo haufunguliwi mbele ya watu ilikuwa uongo mtupu. Kabureta hufunguliwa mbele ya mtu yeyote. Nilifunga mlango ili usinione nikibahatisha.

Siku ilipoungua, nilikuwa gatini. Shemeji alikuja kwa makasia, mikono inatoka damu, mgonjwa anapiga kelele, ndugu za watu wamejaa. Nashukuru yule mama alijifungua salama. Mwenyekiti wa kamati akanigeukia akauliza, "Fundi, ni nini hii?" Nikasema oili. Sikuwa nimefungua hata skrubu moja. Nilisema kwa sababu niliulizwa, na kwa sababu fundi hasemi sijui.

Jioni nikaifungua peke yangu. Moja imeungua, mbili zinang'aa. Hapo nikajua si oili. Nikatoa jeti ya juu na ya chini, nikazipuliza kwa mdomo, moja baada ya nyingine. Pumzi ilinieleza nilichoshindwa kusoma. Ningeweza kuitupa ile ya chini majini palepale, na nilisimama nayo mlangoni kwa muda mrefu. Mwishowe niliirudisha mahali pake, nikafunga, nikafunika gunia. Sikuwa na ujasiri wa kusema wala wa kuitupa. Baada ya wiki mbili nikatangaza kwamba nimechoka na kazi, nikahamia huku kwa binti yangu. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa namkimbia mume wa dada yangu.

Sasa nikuambie habari ya beseni. Barua yako ya kwanza ilikaa mezani siku kumi na saba. Kama ningekujibu tia zote pamoja, vipande vingechanganyika, na ungeikuta ile 130 ungesema labda imeponyoka kutoka mkebeni, nami ningekuandikia kwamba bila shaka ni hivyo. Hakuna ambaye angejua kamwe. Nilianza kuiandika barua hiyo, Bisibisi. Niliandika "tia zote," nikaichana. Nikaandika tena, nikaichana. Nilimsingizia shemeji yangu mbele ya watu na nikalala usingizi, lakini kumfundisha mtu kazi vibaya nilishindwa. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na sahani za dada yangu.

Karatasi ya pili ni ya kamati. Lakini mpe baba yako kwanza, aisome peke yake, kabla mtu mwingine hajaigusa. Usimwombe kitu kwa niaba yangu.

Mjomba wako

(Karatasi ya pili)

Kwa kamati ya gati. Mimi niliyekuwa fundi wenu wa mashine za boti nasema hivi. Mashine ya zahanati iliungua kwa sababu niliweka jeti ndogo kwenye kabureta ya chini. Nahodha alichanganya oili kama inavyotakiwa. Jioni ileile nilijua, nikanyamaza miaka miwili. Jina mlilompa si lake. Ni langu, nipeni.


5 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ingawa tangu barua yako ifike anafua nguo zilizo safi. Nilimwuliza ana nini, akasema, "Ndugu yangu na mume wangu, mimi nimkasirikie nani nibaki na nani?" Nikamsaidia kuanika.

Barua yako ilifika tarehe 27. Nilimpelekea Baba gatini. Alikuwa anapaka boti ya mtu, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaikausha mmoja baada ya mwingine, akasoma amesimama. Alipofika kati akakaa juu ya kopo la rangi. Alisoma zote mbili, yako kwangu na ya kamati. Nisamehe, sikuona haki ya kumficha. Kisha akataka kuziona jeti. Nikampa ile ya 130, na nyingine mpya ya 150 niliyoinunua iwe ya akiba. Akazipuliza, moja baada ya nyingine, kama ulivyofanya wewe. Akanirudishia, akasema, "Kumbe," akarudi kupaka rangi. Upande ule wa boti aliupaka mara mbili. Nyumbani siku mbili nzima alikaa akitazama mikono yake, si kwa hasira.

Kwenye kamati alivaa shati la kijani. Mwenyekiti aliisoma karatasi yako kwa sauti, akaisoma tena kimoyomoyo kama mtu anayetafuta alipokosea. Nikaweka sahani tatu mezani, kila moja na jeti yake: mbili nilizozitoa kwenye kabureta ya juu na ya kati ili nizionyeshe, na ile yako kwenye sahani ya tatu. Kioo cha Mama kikazunguka mkono kwa mkono. Mmoja akasema ushahidi wa sahani ni mambo ya jikoni. Muuguzi mkuu akamwambia, "Mimi mwenyewe niliisoma namba ile mwezi wa sita bila kujua ni ya nini, na kama unataka kubishana na macho yangu njoo zahanati upimwe." Yule mwuza vocha alishika kioo muda mrefu kuliko wote. Alipokirudisha alisema, "Nahodha, shika." Watu wote walisikia alivyomwita.

Wamempa boti. Wawili walikataa, tisa wakakubali.

Mashine tuliiwasha Jumapili. Kuvuta kamba mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikakohoa. Ya nne ikawaka. Kabla ya hapo Baba alikuwa amechanganya oili mbele ya gati zima, ameinua chupa ya kipimo juu, anamimina taratibu, anaigeuzageuza mpaka muuguzi mkuu akapiga kelele, "Tumeona, Nahodha, tumeona!" Watu wakacheka, naye akacheka. Sijamsikia akicheka gatini kwa miaka miwili. Tulipakia watu wanane, tukafika katikati, akanitazama, nikamwashiria, akafungua moto wote. Niliweka kiganja juu ya silinda ya chini safari nzima. Haikutetereka. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na uchungu kwamba hukuwepo, vyote kwa wakati mmoja, na upepo ukanisaidia kuficha uso.

Baba hakusalimu. Nilimwuliza nikiandika barua hii, nimwambie nini Mjomba? Alikuwa anakula, kwenye sahani iliyoandikwa CHAKULA. Akatafuna mpaka akamaliza. Akasema, "Mwambie sijamaliza kukasirika. Mwambie aje, kumkasirikia mtu aliye mbali kunachosha. Salamu zake atazikuta hapa."

Basi, njoo. Pita kwanza hospitali ya macho kama binti yako anavyotaka. Wakikusaidia, vizuri. Wasipoweza, panda basi vilevile. Paa nimeziba, na benchi lako nimelirudisha mahali pake. Kuna kabureta mbili za boti ya mchanga zinasubiri, kila moja juu ya sahani yake, na sijazigusa. Mlango tutauacha wazi. Wewe utashika, mimi nitasoma namba.

Mpwa wako,
Bisibisi